eBay ilipozima matangazo yake: uchambuzi wa kisa cha kupima mibofyo

Mwaka 2012 eBay ilikuwa miongoni mwa watangazaji wakubwa kabisa kwenye injini za utafutaji. Kampuni hiyo ya soko la mtandaoni, yenye makao San Jose, California, ilikuwa ikinunua nafasi za matangazo kwa zaidi ya maneno na mafungu ya maneno milioni 100. Orodha ya ukubwa huo haisimamiwi na binadamu. Programu ndizo zilizokuwa zikikokotoa kila siku neno lipi lilipiwe kiasi gani, kisha kupeleka bei hizo Google, Yahoo! na Microsoft. Ukiandika jina la karibu bidhaa yoyote, kuanzia gitaa hadi kiatu, kulikuwa na uwezekano mkubwa ukute tangazo la eBay juu ya ukurasa. Kwa soko la Marekani peke yake, gharama ya mwaka huo ilifika takriban dola milioni 51.

Kwa hesabu zilizozoeleka katika biashara hiyo, fedha zilikuwa zikirudi mara nyingi zaidi ya zilivyotoka. Waliozitilia shaka hesabu hizo ni wachumi watatu: Thomas Blake na Steven Tadelis wa maabara ya utafiti ya eBay, na Chris Nosko wa Chuo Kikuu cha Chicago. Tadelis alikuwa ametokea Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walichotaka kujua kinaelezeka kwa sentensi moja: hawa waliobofya tangazo wakanunua, wangefanya nini kama tangazo lisingekuwepo? Majibu yao yalianza kusambaa mwaka 2013 na kuchapishwa rasmi katika jarida la Econometrica mwaka 2015. Tangu hapo, mtu yeyote anayejadili upimaji wa matangazo ya intaneti hawezi kukwepa kisa hiki, ingawa wengi wanaokitaja hukichukua kipande tu.

Kuki haiandiki sababu

Kwanza tuelewe kipimo chenyewe kilivyofanya kazi, kwa kuwa bado ndicho kinachotumika sehemu nyingi.

Katika matangazo ya utafutaji, mtangazaji hulipa pale tu mtu anapobofya. Mbofyaji akishaingia kwenye tovuti, kivinjari chake huwekewa kuki, yaani faili dogo la utambulisho. Akinunua kitu ndani ya muda uliowekwa, mauzo hayo huandikwa kwa jina la tangazo alilobofya. Mwisho wa mwezi unajumlisha mauzo yote yaliyoandikwa hivyo, unayagawa kwa gharama, unapata uwiano wa kupeleka kwenye kikao cha bajeti. Unavutia, kwa sababu kila dola inaonekana kuwa na risiti yake. Wauzaji wa matangazo ya mtandaoni walijipatia soko kwa hoja hiyohiyo: kwenye televisheni na magazeti hujui nani kaona, huku tunakuonyesha nani kabofya, saa ngapi, na kanunua nini.

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Ni kweli tunajua alibofya, na ni kweli tunajua alinunua. Kwamba kile cha kwanza ndicho kilichosababisha cha pili, hilo halimo kwenye kuki wala kwenye ripoti. Ni dhana ambayo msomaji wa ripoti huiweka mwenyewe bila kujua kama ameiweka. Wahenga walisema kutakucha hata jogoo asipowika. Ripoti ya mibofyo humhesabia jogoo kila mapambazuko.

Jaribio la kwanza: jina la kampuni

Walianza na pale ambapo shaka ilikuwa kubwa zaidi. Watu wengi hawaandiki anwani ya tovuti. Huandika jina lake kwenye injini ya utafutaji. Mtu anayeandika "ebay viatu" ameshaamua anakokwenda. Juu ya ukurasa atakuta tangazo la eBay, ambalo kampuni inalilipia. Chini yake kidogo atakuta kiungo cha kawaida cha eBay, ambacho ni bure. Vyote viwili vinampeleka mlango uleule.

Machi 2012 eBay iliacha kulipia maneno yote yenye jina lake kwenye Yahoo! na kwenye injini ya Microsoft. Kwenye Google iliendelea kulipa kama kawaida. Kuendelea huko Google hakukuwa woga wa kufanya mambo kwa ukamilifu, bali ndio uti wa mgongo wa jaribio.

Baada ya kuzima, jumla ya mibofyo kutoka kwenye injini ya Microsoft, ya kulipiwa na ya bure pamoja, ilishuka kwa asilimia 5.6 ikilinganishwa na kabla. Meneja mwenye haraka angeishia hapo. Angesema tumepoteza zaidi ya wageni watano katika kila mia, angepiga hesabu ya thamani yao, na matangazo yangewashwa tena kabla ya wiki kwisha. Lakini katika majuma hayohayo, mibofyo kutoka Google, ambako hakuna kilichobadilishwa, nayo ilikuwa imeshuka. Ulikuwa msimu tu. Watu walikuwa wanatafuta kidogo kuliko majuma ya nyuma. Ukiutoa mshuko wa msimu unaoonekana Google, kilichobaki ni takriban asilimia 0.5. Yaani asilimia 99.5 ya mibofyo ilibaki palepale. Waliokuwa wakibofya tangazo walishusha macho kidogo wakabofya kiungo cha bure.

Naona hapa ndipo penye somo kubwa kuliko hata tokeo lenyewe. Kulinganisha kabla na baada, njia ambayo ofisi nyingi huita upimaji, kulitoa jibu lililozidi jibu sahihi karibu mara kumi. Na si lazima kosa liegemee upande mmoja kila mara. Jaribio hilohilo lingefanywa kuelekea msimu wa sikukuu, mibofyo ingepanda baada ya matangazo kuzimwa, na pengine angetokea mtu wa kudai kwamba matangazo yanafukuza wateja.

Jaribio la pili: maneno yasiyo na jina

Tokeo la kwanza halikushangaza kila mtu. Wengi walisema sawa, kulipia jina lako mwenyewe ni upotevu, lakini fedha nyingi ziko kwenye maneno ya kawaida. Anayeandika "gitaa la umeme" hajaitaja eBay. Huenda hata hajui kama gitaa hupatikana huko. Hapo, walisema, tangazo linafanya kazi.

Kupima hilo ni kugumu zaidi. Huwezi kutumia injini moja kuwa kioo cha nyingine, kwa kuwa ushindani na wateja wa kila injini hutofautiana. Kugawa watu mmojammoja nako kuna matundu: mtu huyohuyo hutafuta kwa simu asubuhi, kwa kompyuta ya kazini mchana, na jioni anafuta kuki zake zote. Watafiti waliamua kugawa maeneo badala ya watu. Marekani ina kanda 210 za soko la televisheni zilizochorwa na kampuni ya Nielsen, na Google iliruhusu matangazo yaonyeshwe au yazimwe kwa kanda. Katika takriban asilimia 30 ya kanda hizo, matangazo ya maneno yasiyo na jina yalizimwa kwa siku 60. Kanda za kulinganishia zilikuwa zile ambazo historia yake ya mauzo ilikwenda sambamba na ya zile zilizozimwa.

Uzuri wa mpango huu haupo tu kwenye namna kanda zilivyochaguliwa. Kilichohesabiwa ni mauzo yote ya kanda, bila kujali mnunuzi alipitia njia gani. Kuki haikuhitajika tena kuwa shahidi. Kama mtu wa kanda iliyozimwa alikosa tangazo lakini akafungua eBay kwa kuandika anwani, au akapitia barua pepe ya zamani, au akabofya kiungo cha bure, ununuzi wake bado uliingia kwenye jumla. Kama alikwenda kwa mshindani, jumla ilipungua. Swali la "wangefanya nini" likapata jibu bila kumfuatilia mtu yeyote.

Jumla haikupungua kiasi cha kuonekana. Tofauti kati ya kanda zilizowashwa na zilizozimwa ilikuwa chini ya asilimia moja ya mauzo, ndogo kiasi kwamba kitakwimu haikutofautika na sifuri.

Kisha wakafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililokifanya kisa hiki kidumu: walichukua data zilezile wakapiga hesabu ya faida kwa njia ya kawaida na kwa njia ya jaribio, wakaweka majibu pembeni kwa pembeni. Ukitazama tu uhusiano kati ya matumizi ya matangazo na mauzo, faida inatoka asilimia 4,173. Ukijaribu kurekebisha kwa kuzingatia tofauti za maeneo na za siku, kama mchambuzi makini angefanya bila jaribio, inashuka hadi asilimia 1,632. Ukitumia jaribio, ni hasara ya asilimia 63: kila dola iliyotoka ilirudi na senti 37 hivi. Masafa ya uhakika wa asilimia 95, yaani eneo ambamo jibu la kweli linakadiriwa kuwemo, yalianzia hasara ya asilimia 124 hadi hasara ya asilimia 3. (Hasara inayopita asilimia 100 kwa matangazo ingemaanisha yanapunguza mauzo, hakuna anayedai hivyo, ni upana tu wa makadirio. Kilicho muhimu ni kwamba hata ncha nzuri ya masafa hayo haikufika kwenye faida.)

Tofauti kati ya 4,173 na hasara ya 63 haitokani na uzembe wa hesabu. Inatokana na namna fedha zinavyotumika kwenye matangazo haya. Mtangazaji anadhani yeye ndiye anayeamua atumie kiasi gani, lakini malipo yako kwa kila mbofyo, kwa hiyo wanaoamua ni wanaotafuta. Watu wakihitaji gitaa wengi kwa wakati mmoja, wanatafuta zaidi, wanabofya zaidi, gharama inapanda, na wananunua zaidi. Hamu ya wateja ndiyo inayosukuma gharama na mauzo kwa pamoja. Anayetazama mistari miwili ikipanda sambamba kwenye grafu anaona tangazo likizaa mauzo, kumbe vyote viwili vimezaliwa na kitu cha tatu ambacho hakimo kwenye grafu.

Nani hasa aliyekuwa akibofya

Wastani huficha watu. eBay ilikuwa na historia ya kila mteja aliyesajiliwa, kwa hiyo iliwezekana kuuliza tangazo lilimbadilisha nani.

Lilibadilisha wapya. Kanda zilizokuwa na matangazo zilipata wanunuzi wapya zaidi. Lilibadilisha pia wale waliokuwa wamenunua mara moja au mbili tu katika mwaka uliotangulia. Hao walinunua zaidi palipokuwa na matangazo. Kwa waliokuwa wamenunua mara tatu au zaidi, athari ilififia hadi karibu na sifuri. Hao walishajua eBay ina nini. Tangazo halikuwapa habari yoyote.

Hadi hapo ni jambo la kutarajiwa. Uchungu uko kwenye mgawanyo wa gharama. Sehemu kubwa ya mibofyo, na kwa hiyo ya fedha, ilitoka kwa hao wateja wa mara kwa mara. Wanatafuta sana, wananunua sana, na tangazo likiwa juu ya ukurasa ndiyo njia ya mkato ya kufika. Wanalibofya kwa uvivu tu. Kila mbofyo wa namna hiyo unalipiwa, unaingia kwenye ripoti, na unaonekana kama ushindi mkubwa kwa sababu mtu huyo kweli ananunua. Mteja mpya, ambaye tangazo lilimgeuza kikweli, ni mmoja kati ya wengi, na ununuzi wake wa kwanza mara nyingi ni mdogo. Kwenye ripoti ya kawaida anaonekana kuwa na thamani ndogo kuliko yule ambaye angekuja tu.

Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kisa. Mifumo ya matangazo hujifunza kutafuta wanaoelekea kununua. Ukiipa lengo la mauzo yaliyoandikwa kwa jina la tangazo, itakwenda moja kwa moja kwa wale ambao wangenunua hata hivyo, kwa kuwa ndio wanaobashirika kwa urahisi. Kadiri inavyobashiri vizuri, ripoti inazidi kung'aa, na athari ya kweli inaweza kuzidi kupungua. Kinachopimwa ni umahiri wa kumkuta mtu njiani, wakati mwenye fedha anadhani amepima umahiri wa kumshawishi. Hakuna udanganyifu uliofanywa na yeyote. Mashine imefanya ilivyoambiwa.

Pingamizi zilizo na uzito

Matokeo ya eBay yalipokelewa na wengine kana kwamba yamethibitisha kuwa matangazo ya utafutaji hayafai kabisa. Hayakuthibitisha hivyo, na waandishi wenyewe hawakusema hivyo.

Google ilikuwa imetoa uchambuzi wake mwaka 2011, uliokusanya zaidi ya visa 400 vya watangazaji waliosimamisha matangazo. Uchambuzi huo ulidai asilimia 89 ya mibofyo ya matangazo haifidiwi na viungo vya bure. Ni rahisi kuudharau kwa kuwa muuzaji ndiye aliyeuandika. Mimi nadhani tofauti ina maelezo ya kawaida zaidi: watangazaji wengi si eBay. Mtangazaji asiyejulikana, ambaye kiungo chake cha bure kiko ukurasa wa tatu, akizima tangazo anatoweka. Hata hivyo uchambuzi huo ulihesabu mibofyo, na mbofyo uliopotea si lazima uwe mnunuzi aliyepotea.

Pingamizi nzito zaidi ilitoka kwa watafiti wengine. Decio Coviello, Uri Gneezy na Lorenz Goette walirudia jaribio la jina kwa Edmunds.com, tovuti ya Marekani ya habari za magari. Huko zaidi ya nusu ya wageni waliokuwa wakija kupitia matangazo ya jina walipotea matangazo yalipozimwa. Jina lilelile la mbinu, tokeo la kinyume. Andrey Simonov, Nosko na Justin Rao waliangalia maelfu ya chapa kwenye Bing, injini ya Microsoft, na kutoa ufafanuzi unaoeleweka: pasipokuwa na mshindani anayenunua jina lako, tangazo la jina huongeza kidogo tu, kati ya asilimia 1 na 4, na kwa chapa kubwa ni pungufu zaidi. Mshindani akiwepo, mambo hubadilika, kwa sababu nafasi ya juu uliyoiacha inachukuliwa na anayetaka kumnyakua mteja wako akiwa mlangoni. Kwa hiyo asilimia 99.5 ya eBay ni tokeo la kampuni yenye jina kubwa, katika hali yake ya mwaka 2012. Anayelinukuu ili kuzima matangazo ya duka dogo lenye washindani watano anakosea kama yule aliyenukuu asilimia 4,173.

Kuna pia suala la muda. Siku 60 zinaonyesha athari ya karibu. Kama mteja mpya aliyepatikana kwa tangazo atakuwa mteja wa miaka kumi, hesabu ya miezi miwili inampunja. Ni kweli, lakini inahusu wapya tu, na fedha nyingi hazikuwa zikienda kwa wapya.

Halafu kuna ugumu ambao hauondoki hata ukiwa na jaribio zuri. Randall Lewis na Justin Rao walikusanya majaribio makubwa 25 ya wauzaji na madalali wa hisa wa Marekani, mengi yakifikia mamilioni ya wateja. Masafa ya uhakika ya faida, kwa jaribio la katikati, yalikuwa na upana unaozidi asilimia 100. Mauzo ya mtu mmojammoja hupanda na kushuka mno. Wengi hawanunui kitu, wachache wananunua vingi, na athari ya tangazo ni tone ndani ya mawimbi hayo. Anayekuonyesha faida ya tangazo moja hadi sehemu za asilimia, bila jaribio na kwa wateja elfu chache, anakuonyesha kitu ambacho hakiwezi kujulikana kwa data alizo nazo.

Mbofyo unakosea pia upande wa pili

Baada ya kusoma kisa cha eBay ni rahisi kudhani kwamba mibofyo hutia chumvi kila mara. Lewis na David Reiley walifanya jaribio kwenye Yahoo! lililohusu wateja milioni 1.6 wa kampuni kubwa ya rejareja. Baadhi walionyeshwa matangazo ya picha, wengine hawakuonyeshwa. Ununuzi uliongezeka kwa takriban asilimia 5, na tangazo lilileta faida. Lakini asilimia 93 ya ongezeko ilitokea kwenye maduka ya kawaida ya kuingia kwa miguu, na asilimia 78 ilitoka kwa watu ambao hawakubofya tangazo hata mara moja.

Weka visa hivi viwili pamoja. Kwa eBay, mibofyo ilikuwa mingi na athari haikuonekana. Kwa muuzaji yule, athari ilikuwepo na mibofyo iliikosa karibu yote. Mchambuzi mwenye ripoti ya mibofyo peke yake angeiongezea fedha kampeni ya kwanza na kuifuta ya pili.

Kwenye kampeni za kijamii, zile zinazolenga watu wabadili mwenendo badala ya kununua, tatizo hili hufichika zaidi kwa kuwa mara nyingi hakuna hata mauzo ya kulinganishia. Wafadhili huletewa idadi ya walioona, waliopenda na waliosambaza. Moja ya visa adimu vilivyoweza kwenda mbali zaidi ni cha Facebook siku ya uchaguzi wa bunge la Marekani, Novemba 2, 2010. Watumiaji milioni 61 waligawanywa: wengi mno walioneshwa ujumbe wa kuhimiza kupiga kura wenye picha za marafiki waliosema wameshapiga, takriban 600,000 wakaoneshwa ujumbe uleule bila picha, na takriban 600,000 hawakuoneshwa chochote. Kulikuwa na kitufe cha kusema "nimepiga kura". Walioona picha za marafiki walikibofya zaidi ya wenzao wa ujumbe mtupu kwa asilimia 2.08.

Watafiti hawakuridhika na kitufe. Walilinganisha sehemu ya watumiaji na daftari halisi za wapiga kura. Kwenye daftari, ongezeko la walioona picha, likilinganishwa na wasioona chochote, lilikuwa asilimia 0.39. Wale wa ujumbe bila picha walipiga kura sawasawa na wasioona chochote. Asilimia 0.39 ya watu milioni 60 bado ni watu wengi, na ujumbe ulikuwa na maana. Lakini pengo kati ya kitufe na daftari linatosha kumfanya mtu asome upya ripoti yoyote inayoishia kwenye vitufe.

Kilichofuata

Mwaka 2012 eBay ilijua nani anafaa kuoneshwa tangazo, lakini mnada wa maneno haukuiruhusu kumchagua. Unanunua neno, na yeyote anayeliandika anaoneshwa, awe mgeni au mteja wa kila wiki. Mwaka 2015 Google ilianzisha huduma inayomruhusu mtangazaji kupakia orodha ya wateja wake, na hivyo kuweza kuwaondoa au kuwapangia bei tofauti. Kwa nadharia, dawa ya ugonjwa wa eBay ilikuwa imepatikana. Kwa vitendo, orodha hizo hutumika sana kwa kinyume chake, kuwafuata wateja waliopo na wanaofanana nao, kwa sababu hao ndio wanaoipendezesha ripoti.

Wakati huohuo ufuatiliaji wa mtu mmojammoja umekuwa mgumu. Kuanzia Aprili 2021, simu za Apple zenye mfumo wa iOS 14.5 na matoleo yaliyofuata zinataka mwenye simu aulizwe kabla ya programu kumfuatilia nje ya mipaka yake, na wengi hukataa. Matokeo yake, jaribio la kanda limerudi kwa nguvu. Halihitaji kujua ni nani aliyebofya, linahitaji tu jumla ya mauzo kwa eneo. Google ilikuwa imeeleza mbinu hiyo kwenye maandishi yake ya mwaka 2011, na Meta, kampuni mama ya Facebook, imetoa programu huria ya kuipanga iitwayo GeoLift.

Anayetaka kuitumia akabiliwe na mambo mawili kabla hajaanza. Kanda ziwe za kutosha na historia ya mauzo iwe ndefu, la sivyo masafa ya uhakika yatakuwa mapana kiasi cha kuruhusu faida na hasara kwa pamoja. Na lazima mwenye bajeti akubali, kabla ya siku ya kwanza, kuziacha kanda fulani bila tangazo hadi muda uishe, hata kama katikati ya safari grafu itashuka na simu kuanza kupigwa. Majaribio mengi hufia hapo pa pili.